Gitaa la Mashoto

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama ameniambia ulipinda kama msumari mbovu baada ya kubeba ule mlango wa mbao nzito, na kwamba umekataa dawa, eti utajinyoosha mwenyewe. Mimi mzima, ila nalala na wazo moja na kuamka nalo, kwa hiyo leo usinidai salamu ndefu.

Mjomba, nataka unitengenezee gitaa.

Usicheke kwanza. Unajua mimi ni mashoto, na magitaa ya umeme yote yaliyoko madukani huku ni ya watu wa mkono wa kulia. Langu nalipiga kichwa chini miguu juu, mwaka wa sita huu. Vitufe vya kuzungushia sauti, ambavyo vingepaswa kukaa chini, kwangu vinakuja juu, palepale kiwiko kinapopita. Jumamosi iliyopita, katikati ya solo, kiwiko kikasukuma kitufe na sauti ikazima. Vidole vinakimbia, watu wananikodolea macho, na gitaa kimya! Mpiga ngoma akadhani umeme umekatika, akaacha na yeye.

Kiongozi wa bendi yetu tunamwita Kapteni, maana hata chai huiamuru ipoe. Ameshatoa neno lake: tarehe 25 Mei ni majaribio. Nikimaliza solo nzima bila sauti kukatika, nafasi ya mbele ni yangu. Nikishindwa, narudi nyuma kupiga ridhimu, na solo anapewa mpigaji mgeni mwenye vidole kama cherehani. Nimeingoja nafasi hii tangu nilipoingia kwenye bendi, mjomba. Sitaki kurudi nyuma hata hatua moja.

Shingo, nyuzi na sumaku za kunasia sauti nitazing'oa kwenye gitaa nililonalo, na fundi redio wa mtaani kwangu ataunganisha nyaya. Ninachokosa ni mwili tu, ubao mmoja uliochongwa vizuri. Na seremala ninayemwamini mimi ni mmoja.

Mpwa wako

12 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba. Mgongo umenyooka zamani, mama yako alitia chumvi kama kawaida yake tangu utotoni. Sisi huku wazima, mkazamjomba wako anakusalimu na anasema umekonda kwenye ile picha uliyomtumia mama yako.

Sijawahi kutengeneza gitaa. Nimetengeneza vitanda, milango, makabati, na kiti cha bwana mmoja mnene ajabu, ambacho mpaka leo hakijatoa hata mlio. Lakini tangu barua yako ifike sijatulia. Nilikwenda kwa fundi baiskeli, ana picha ya gitaa ukutani, nikasimama mbele yake na futi mpaka akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Sasa nijibu. Unalipiga umekaa au umesimama? Kiwiko kinaangukia wapi? Mbavu zako zinaligusa wapi? Kiti kinaanza na mwili wa mtu atakayekikalia, na sidhani kama gitaa lina tabia tofauti.

Mbao ninayo. Ni kaunta ya duka la vitambaa lililofungwa, mkangazi mtupu, na umekauka miaka mingi kuliko umri wako. Nimeuficha nyuma ya makabati muda wote huu, kila anayeuliza nasema umeshapata mtu. Kumbe sikuwa nikidanganya.

Simu usinipigie, betri imevimba kama andazi. Andika, na uchore. Mkazamjomba wako ameniuliza leo asubuhi kwa nini naimba.

Mjomba wako

21 Machi

Mjomba wangu kipenzi,

Shikamoo! Salamu kwa mkazamjomba, mwambie nimeshanenepa kwa furaha. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikamsomea fundi redio, naye amesema seremala anayeuliza habari za mbavu hataharibu kitu.

Nimeyachagua magitaa mawili ya zamani, ya miaka ya hamsini, ambayo mpaka leo mafundi wanayaiga. La kwanza ni Stratocaster. Lina pembe mbili, ya juu ndefu na ya chini fupi. Mbele, mkono unapolala, limekatwa mteremko, na mgongoni, mbavu zinapokaa, limebonyezwa. La pili ni Les Paul. Hilo ni nene na zito, noti moja ukiipiga unaweza kwenda kunywa maji, ukirudi utaikuta bado inalia. Mimi nataka pembe na kiuno cha la kwanza, na unene wa la pili. Sentimita tano kamili, mjomba. Usinipunguzie hata upana wa kucha, sauti iko humo.

Ninasimama nikipiga. Kiwiko kinaangukia pale nilipochora msalaba, na mbavu ziko pale nilipochora mwezi. Patani ya kukatia iko ndani ya bahasha. Nimeichora kwa saizi yake halisi kwenye karatasi ya kaki, sakafuni, na mwenye nyumba akadhani napima zulia jipya, akafurahi bure. Upande wenye mchoro ndio mbele ya gitaa.

Siku zangu nazihesabu kwa 25 Mei sasa. Mpigaji mgeni ameshaanza kuniita "dada wa ridhimu".

Mpwa wako mashoto

9 Aprili

Mpwa wangu,

Natumai u mzima kama sisi. Leo siwezi hata kuuliza hali kwa utaratibu, kwa furaha niliyonayo.

Limetoka! Nimelikata kwa msumeno mwembamba siku mbili, nikalinyoosha kingo kwa randa na patasi, nikamaliza kwa msasa mpaka kiganja hakijui mbao inaishia wapi. Mteremko wa mkono nimeuchonga mbele, mbonyeo wa mbavu nimeuchonga mgongoni. Lina kiuno, mwanangu, mkazamjomba wako amelitazama akaniambia nilifunike, nisije nikalinganisha na chake.

Na uso wake! Mistari ya mkangazi inapita kana kwamba kuna mtu aliyeichora kwa utulivu. Huo uso sijaugusa kwa kalamu hata nukta. Mchoro wako niliubandika mgongoni na nikakata kutokea huko, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofanya kila meza na kila mlango, kalamu ya fundi haionekani na mgeni.

Nimekaa nalo kwenye kibao, nikalipakata. Mkono wangu ukalala pake, mbavu zikaingia pake. Limenikaa kama niliyezaliwa nalo! Vyumba vya sumaku na vya vitufe nitavichimba mnoaji akinirudishia patasi ndogo, wiki ijayo.

Mjomba wako, fundi magitaa

14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na nisamehe, simama hapohapo. Usichimbe kitu. Nampa barua hii dereva wa basi mkononi, ameniahidi utaipata kesho.

Umeandika kwamba limekukaa wewe vizuri. Wewe ni mtu wa mkono wa kulia, mjomba! Niliposoma pale nikachukua kalamu hapohapo. Patani yangu ilikuwa ya mbele, nawe umeibandika mgongoni. Sasa ukiutazama ule uso mzuri, pembe ndefu imekuja upande mwingine, kama glavu ya kushoto iliyogeuka kuwa ya kulia. Umenitengenezea gitaa la wale wale wenye magitaa yao madukani.

Na mteremko wa mkono umeshauchonga upande huo, na mbonyeo umeshauchonga nyuma. Sijui kama kuna namna. Kuna ubao mwingine? Nijibu haraka.

Mpwa wako

28 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wiki mbili sasa na hujaniandikia. Dereva anaapa alikukabidhi barua mkononi. Mama anasema karakana umeifunga kwa kufuli, na kwamba ukiulizwa unasema una mafua. Mafua gani ya wiki mbili?

Kama ni hasira, nina haki ya kuombwa radhi mimi, nami nimeshakusamehe kabla hujaomba. Kama ni aibu, mjomba, hata mimi nilipaswa kuandika MGONGONI HAPANA kwa herufi kubwa. Najua kwamba unachora nyuma. Meza ya chakula uliyotutengenezea tulikuwa tukiingia chini yake utotoni kusoma mistari yako.

Nisikufiche, moyo unaniuma. Mpigaji mgeni anafanya mazoezi ya solo yangu, na anaipiga vizuri, mshenzi yule. Nimejaribu kufunga vitufe vya gitaa langu kwa gundi ya karatasi. Jana ikabanduka kwenye wimbo wa pili na Kapteni akatazama kalenda.

Ubao ni ubao tu. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mpwa wako

6 Mei

Mpwa wangu,

Salamu za upendo, na za aibu. Mafua hayakuwepo.

Miaka thelathini na nne nashika randa. Sijawahi kumkabidhi mtu kitu kisichomfaa. Nilipoisoma barua yako nililiweka gitaa mezani, nikafunga mlango, na ufunguo nikautia mfukoni. Ubao mwingine sina. Kila nilipotaka kukuandikia, mkono ulikataa. Nilijiambia, mtoto wa dada yangu ameniomba kitu kimoja tangu azaliwe, nami nimempa mtu mwingine.

Juzi mkazamjomba wako alichoka kuniangalia. Akaniambia, "Hebu nieleze hilo kosa lenyewe." Nikamweleza, nikachora hewani, pembe huku, pembe kule. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo limegeuka. Basi si uligeuze?"

Nilimcheka, tena kicheko cha dharau, nikamwambia samani haigeuzwi kama chapati. Akauchukua ufunguo, akaingia karakana, akaligeuza mwenyewe, mgongo juu.

Mpwa wangu, niliinama nikatazama. Pembe ndefu ilikuwa upande wako. Ule mbonyeo niliouchongea mbavu sasa uko mbele, palepale kiwiko chako kinapoangukia, na una kina zaidi kuliko mteremko uliouchora, mkono unazama ndani yake. Mteremko wa mkono umekwenda nyuma, na mbavu zinaupenda. Na kwa vile sikuwa nimechimba vyumba, nilikuwa huru kuchimba upande wowote. Nilimkumbatia mke wangu mbele ya jirani anayeuza mkaa.

Jambo moja tu. Upande huu ndio uliokuwa uso wa juu wa kaunta, vitambaa vilipokatiwa. Una alama za mkasi wa muuza vitambaa, mistari midogo mingi, na duara jeusi la pasi ya moto. Kuziondoa ningelazimika kupiga randa, na sentimita zako tano zingepungua. Nimeziacha. Uso mzuri niliousifia umekuwa mgongo, litauona shati lako peke yake.

Nimechimba, nimepaka mafuta, nimelifunga kwa vipande vya godoro. Dereva analileta na barua hii. Likikukataa, niambie bila kunionea haya.

Mjomba wako

26 Mei

Mjomba! Mjomba wangu! Mjomba wangu mwenye mke mwenye akili!

Shikamoo wewe na yeye, yeye kwanza. Nimelala saa mbili tu na sihitaji zaidi.

Fundi redio alimaliza nyaya siku nne kabla. Nilipolivaa kwa mkanda mara ya kwanza, mkono ulizama kwenye ule mbonyeo wako na haukutaka kutoka. Vitufe viko chini, mbali, mpaka mara mbili nilivitafuta. Na zile alama za mkasi simruhusu mtu azifute. Nimezitazama kwa karibu, zote zimenyooka, yule muuza vitambaa alikuwa na mkono mzuri.

Jana Kapteni alitupanga kama askari. Mpigaji mgeni akaanza, akapiga vizuri sana. Nikaingia mimi. Dakika nne, mjomba. Nilishuka na kiwiko, nikapanda nacho, nikapiga kama ninayegombana na mtu, na sauti haikukatika hata nusu ya sekunde. Ile noti ya mwisho niliiacha ilie. Ililia mpaka mpiga ngoma akaanza kucheka. Kapteni akatazama saa yake, akatazama gitaa, akasema, "Mbele. Kuanzia leo." Mpigaji mgeni ndiye aliyekuja wa kwanza kunishika mkono, nami nimelifuta lile neno “mshenzi” nililomwita. Ameniuliza fundi wangu anaishi wapi.

Onyesho la kwanza ni tarehe 14 Juni. Tiketi mbili zimo humu. Njooni, halafu uniambie wimbo gani umekupendeza kuliko zote.

Mpwa wako, wa mbele

17 Juni

Mpwa wangu,

Tumefika nyumbani salama, na sote wazima, ila mkazamjomba wako amevimba miguu kwa kucheza.

Umeniuliza wimbo gani umenipendeza. Nikuambie kweli, sikusikia hata mmoja. Macho yangu yote yalikuwa kwenye kiwiko chako. Kila ulipokishusha nilibana pumzi, kila kilipopita salama nilivuta. Kwenye ile solo ndefu nilimbana mkazamjomba wako mkono mpaka akanipiga kofi la begani. Nilijua wimbo umeisha nilipoona watu wamesimama wanapiga makofi, nami nikasimama, nikajikuta nalia, mtu mzima, mbele za watu.

Bwana wa kiti cha jirani akaniuliza kama yule binti ni mwanangu. Nikamwambia ni mpwa wangu, na gitaa nimelichonga mimi. Hakuamini. Nikamwonyesha kwa kidole, nikamwambia, "Unapaona pale mkono wake ulipolala? Pale ndipo nilipokosea."

Mjomba wako