Kamba Iliyokata Kona

Mjukuu wangu Halima,

Hatujambo hapa Stechford, ila miguu inamsumbua bibi yako. Kadi ya simu iliisha kabla sijakujibu kwa nini upande mrefu wa pembetatu hutazamana na pembe kubwa.

Ujanani nilipanga chumba Ladywood na rafiki yangu Musa. Kamba yetu ya nguo ilikata kona, toka ukuta hadi ukuta. Tuliifunga ikiwa imelegea. Asubuhi tukaikuta imekaza, na hakuna aliyeigusa. Musa akasema ni jini, tukasoma Yasini. Kesho yake ikakatika. Ndipo nikaitazama kona yenyewe: kuta zilikuwa zinaachana. Pembe ikifunguka, upande unaoitazama hurefuka. Tulihama siku hiyo hiyo.

Juzi niliona ufa chumbani kwetu, nikafunga uzi kwenye kona. Leo nimeukuta umekatika. Bibi yako bado sijamwambia.

Babu yako