Dada Hodan na Ruhusa ya Baba

Mpendwa dada Hodan,

Tangu tukuzike, kila niliposhika kalamu machozi yalinitangulia. Leo yamenipa nafasi, kwa hiyo nakaa nikukumbushe mambo yetu.

Unaukumbuka mgahawa wa Baba hapa Karatu, miaka ya sabini? Wewe ukikaanga sambusa na kuimba nyimbo za Kisomali, mimi naosha vikombe, na madereva wa malori wanaagiza chai ya pili ili tu usinyamaze. Bendi ya vijana wa mashamba ya kahawa ya Oldeani ilikuja mara tatu kukuomba ukaimbe nao. Baba alijibu vilevile kila mara: "Binti yangu haimbi mbele za watu."

Ndipo ikafika harusi ya binti wa Mama Paskalina, jirani yetu Mwiraqw, mwenyeji wa hapa, si mgeni kama sisi Wasomali. Asubuhi ile mwimbaji wa bendi alishikwa na homa. Mama Paskalina akaja moja kwa moja kwa Baba.

"Mzee, miaka yote hii tumeombana chumvi na moto. Leo naomba sauti ya Hodan."

Baba alikoroga chai yake mpaka ikapoa. "Nitakaa mbele," akasema.

Akakaa kweli, na kanzu yake na bakora, uso kaukunja. Uliimba ukimtazama yeye tu. Ulipomaliza, vigelegele vikapasuka, Baba akainua bakora, uwanja mzima kimya.

"Rudia," akasema. "Hawa wenye magitaa wameifunika sauti yako."

Baada ya hapo nani angekuzuia? Uliimba na bendi ile zaidi ya miaka kumi, Oldeani, Loliondo, mpaka Arusha mjini. Siku redio ilipopiga wimbo wako, Baba alifunga mlango wa mgahawa mchana kweupe, wateja wakiwa ndani, wasije wakatoka kabla haujaisha.

Juzi sokoni nilimkuta muuza vitunguu akiimba wimbo wako wa ngamia, ule ulioutia Kiswahili mwenyewe. Ila ngamia kawageuza ng'ombe.

"Huo umeutoa wapi, mwanangu?"

"Ni wa kwetu, mama. Sisi Wairaqw tunauimba tangu zamani."

Sikumbishia. Nilipokea kiitikio, tukaimba wote mpaka mwisho, nikarudi nyumbani bila hata kitunguu kimoja.

Pumzika, dada yangu. Umeshakuwa wa huku.

Mdogo wako akupendaye