Senti za guka kwa mabati

Kilonzo. Uko? Usicheke.

Nimetoka kwa yule mzee wa huko tao, mjini, anayenunua pesa za zamani. Nilimpelekea ule mkebe wa sarafu babu yangu, guka, aliniachia kabla afe.

Zile shilingi za mfalme alizisukuma kando kama maharagwe mabovu. "Hizi ziko kila nyumba." Nikajua nimechoma fare ya matatu.

Halafu chini kabisa akapata senti moja yenye tundu katikati. Akaiangalia na lenzi. Buda, aliigeuzageuza mpaka chai yake ikapoa.

"Za hivi ulikuwa nazo ngapi?"

Nikasema kumi na mbili.

"Zingine ziko wapi?"

Kwa mabati.

"Wapi?"

Kwa mabati, mzee. Tulikuwa tunaezeka jiko la mama ya beshte yangu, washa za kuweka chini ya vichwa vya misumari zikaisha, na hizo zilikuwa na tundu tayari.

Akavua miwani. Alivua miwani, Kilonzo. Akauliza polepole, "Mkazigonga na nyundo?"

Nikasema ni wewe uligonga. Samahani, ilibidi.

Hiyo moja iliyobaki anataka kunipa elfu ishirini. Moja. Zingine kumi na moja ziko juu ya sufuria za mama yako.

Nilikuwa nakuja na ngazi saa hii. Niko hapa stage ya Kayole, nikafungua status ya mama yako. Ameweka picha ya paa. Jekundu, linang'aa. Ameandika, "Asante mwanangu Kilonzo kwa rangi mpya."

Boss. Ulipaka hadi misumari?