Kabini Iliyotuangukia Mkiwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Ikungi, tarehe 16 Mei 2024

Jina: Leonidas Emilian
Umri: Miaka 36
Kazi: Fundi wa injini za dizeli
Makazi: Mkiwa

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa na Koplo Ritha kwamba niseme niliyoyaona mwenyewe, nami nasema hivi.

Lori lililotuumiza ni la Calist, kaka wa mke wangu Kristina. Gereji yetu iko kwenye kiwanja chake, na nyumba ninayokaa ni yake. Fundi mwenzangu alikuwa Benson. Calist alilalamika kwamba lori likipakia alizeti linakosa nguvu kwenye Mlima Sekenke. Akaleta kemshafti nyingine, inayofungua valvu zaidi ili injini ipate pumzi, akataka tuifunge.

Mnamo tarehe 14 Mei 2024, saa nane mchana, tulikuwa tumeinua kabini ili tufikie injini. Jeki yake ilikuwa inavuja, kwa hiyo tuliitegemeza kabini kwa gogo. Benson aliinama mbele ya injini akiingiza kemshafti taratibu. Mimi nilipitisha mkono wa kulia ubavuni mwa injini kuipokea, isikwaruze ndani.

Calist alifika na simu, akitaka kumrekodia video mwenzake wa biashara. Akasema, "Hili gogo linaniziba, sioni." Benson akamwambia, "Tajiri, usiliguse hilo." Nilimwona Calist akilivuta kwa mikono miwili. Kabini ilikaa kidogo, kisha ikashuka.

Ilimbana Benson kifua juu ya injini. Mimi ilinibana mkono juu ya kiwiko. Sikuweza kusogea. Uso wa Benson ulikuwa karibu na wangu, hata nilisikia pumzi yake kwenye shavu. Alisema mara moja tu, "Leonidas, iinueni." Baada ya hapo alikuwa ananitazama.

Nilimwambia Calist, "Shemeji, ita watu." Mimi nilipaza sauti lakini malori yalikuwa yanapita barabarani, hakuna aliyesikia. Calist alichuchumaa karibu nami. Akasema, "Gogo limeteleza lenyewe, shemeji. Si ndivyo?" Nikasema, "Ita watu kwanza." Akarudia, "Si ndivyo?" Hakunyanyuka. Nilimtazama Benson, midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nikasema, "Ndivyo. Limeteleza."

Ndipo alipokimbia nje akipiga kelele. Amne, mama anayeuza chakula ng'ambo ya barabara, alikuja na wanaume waliokuwa wanakula kwake, wakainua kabini kwa mabega. Benson alitolewa akiwa bado anapumua. Alifariki njiani kwenda hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Amne.

Tangu hapo Calist haniachi. Alikaa kando ya kitanda changu hospitalini, na jana alikula kwetu. Kristina aliniuliza mbona siongei na kaka yake.

Sasa nasema: gogo halikuteleza. Calist ndiye aliyenileta hapa leo, na yuko nje kwenye gari, ananisubiri anirudishe nyumbani. Afande, naomba nisirudi naye.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Nimesomewa, nimeridhika kwamba yameandikwa kama nilivyosema.

Dole gumba la kushoto: Leonidas Emilian

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Ritha, na kumsomea shahidi. Ameweka dole gumba kwa kuwa mkono wa kulia umefungwa bandeji. Kwa ombi lake, shahidi amebaki kituoni.