Mbao za Paa la Baba

Hombolo

Kaka Methusela,

Shikamoo. Huku zabibu zimeiva, na mama hajambo.

Jumanne upepo uling'oa paa pamoja na paneli za sola ulizofunga. Mbao za kenchi zilizobeba bati zikamwangukia baba kifuani. Amelazwa, anapumua kwa shida.

Fundi Zablon alipokuja kukagua, alishika mbao zilizovunjika zikapukutika mkononi. "Mchwa," akasema. "Hizi hazikupaswa kubebeshwa mzigo wowote."

Mbao hizo nilikuonyesha kabla hujafunga. Ukanijibu, "Zitahimili tu, Priska. Nina safari."

Baba anawaambia wote wanaokuja kumwona kwamba ni upepo tu, mwanawe alifanya kazi nzuri. Sijamkatalia. Njoo umwambie mwenyewe, kaka, angali anasikia.

Mdogo wako anayekungoja,
Priska