Kwa Wifi Aliyeruhusiwa Kutazama

Mpendwa wifi Anneke,

Wivu si husuda, na kwa kuwa nitalitumia neno hilo katika barua hii, ni haki yako ujue mipaka yake. Hasidi hutaka mwenziwe anyang'anywe. Mimi sikutaka unyang'anywe kitu. Wivu, kwa maana ninayoikusudia hapa, ni uchungu wa kumwona mtu akipewa bila kuomba kile ambacho wewe ulikubali, kwa hiari na kwa heshima, kukikosa. Uzito wote uko katika hiari hiyo. Aliyenyimwa anaweza kumlalamikia aliyemnyima. Aliyejinyima hana pa kupeleka lalamiko lake, isipokuwa kwa yule aliyepewa, na ndiyo maana nakuandikia.

Naandika hadharani kwa sababu chuo chako cha Uholanzi umekwisha kukihama na anwani mpya sinayo. Naandika sasa kwa sababu mzee, baba mkwe wangu, tumemzika. Huenda mmoja wa wenzako wasomao Kiswahili akakufikishia.

Ulikuja kwetu Ibighi miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia na magari na mizani zao, maduka ya Tukuyu yalipojaa ghafla sabuni za kila rangi, na kila mtu alikuwa akijifunza upya bei ya kila kitu. Ulikuwa mwanafunzi wa kilimo, umetumwa kuitazama migomba yetu. Ukapewa chumba katika nyumba ya wakwe zangu. Mimi na mume wangu Ipyana tulikaa ng'ambo ya shamba la migomba, lakini jiko lilikuwa moja, la mama mkwe.

Jioni ya kwanza ulimkuta baba mkwe wangu ameketi barazani. Ukamwendea moja kwa moja, ukampa mkono, ukasema, "Shikamoo, baba," kisha ukaketi kwenye kiti kilichokuwa ubavuni pake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, sinia mkononi, kanga kichwani, nikisubiri aondoke ndipo nipite.

Hukujua ulichokivuka, kwa hiyo nikueleze. Kwa Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mwana, na baba mkwe wake hawatazamani. Twaita ukutila. Akisikia baba mkwe anakuja njiani, mkamwana huingia migombani. Hatamki jina lake, hamwelekezi neno, haketi alipoketi. Ni heshima iliyopewa umbo la umbali. Miaka hiyo wengi walikuwa wamekwisha kuilegeza, hasa mjini, na hasa sisi tuliosoma. Mimi ni mwalimu wa historia. Ningeiacha na hakuna ambaye angenilaumu waziwazi. Lakini siku ile nilipoletwa nyumbani kwao, mvua ikinyesha, nilimwona mzee kwa mbali akiushusha mwavuli hadi ukaufunika uso wake, ili nisipate taabu ya kumkwepa. Nikasema moyoni: mtu anayeitunza mila kwa upole namna hii, nitaitunza pamoja naye.

Mama mkwe alipokuona umeketi alicheka hadi akashika fremu ya mlango. "Mwone! Amekaa kama aliyezaliwa hapa." Akapaza sauti: "Baba Ipyana, huyu umemkimbia au umemkaribisha?"

"Huyu hakuolewa na mtu hapa," mzee akajibu. "Ni binti yangu. Mleteeni maziwa."

Kwa maneno hayo machache ukawa wifi yangu. Maziwa niliyabeba mimi hadi kizingitini; mama akayapokea na kukufikishia.

Sitadai kwamba hukuwa mtu wa kupendeka. Ulifua mtoni bila kununa, ulikula ndizi asubuhi na jioni, uliwaamkia watu "ugonile," salamu ya asubuhi, hata saa ya chakula cha mchana, nao wakakujibu kwa furaha. Siku moja ulisimama mlangoni ukasema, "Mimi ninapenda sana mvua yenu," na mama akakujibu, "Ichukue basi, mwanangu, utusaidie. Nguo zangu zimesahau jua."

Kisha zikaanza Jumamosi. Mzee alichukua fimbo, kofia na mwavuli, nawe ukachukua mfuko wako wa mgongoni. Mlikwenda kuliona Daraja la Mungu, mwamba ule uliotandazwa juu ya Mto Kiwira. Mlikwenda kwenye maporomoko ya Kaporogwe, mkarudi mmelowa hadi soksi. Mlikwenda Masukulu kumsalimu rafiki yake wa utotoni, mkapanda pikapu iliyobeba ndizi, nawe ukarudi ukituonyesha utomvu kwenye suruali kana kwamba ni nishani.

Ipyana alivumilia, hata siku moja akasema jikoni, "Mimi mwanawe wa kwanza hajanipeleka hata Kiwira. Nilikwenda na shule, nikatapika garini."

"Ulimwomba akupeleke?" mama akauliza.

"Na huyu aliomba?"

"Huyu hakujua kwamba kunaombwa."

Tukacheka wote, nawe ukacheka bila kujua unachekwa. Lakini ule wa Ipyana ulikuwa wivu wa mwana, mwepesi, unaoisha na chakula. Wangu ulikuwa na mizizi mingine. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikikusanya kumbukumbu za wazee kuhusu zama za Wajerumani katika nchi hii ya Rungwe. Nilitembea vijiji vya watu, nikaketi na baba wakwe wa wanawake wengine, nikawauliza njia, majina na mizigo. Na shahidi ambaye kila mtu alinitajia, yule ambaye babake alibeba mizigo ya Wajerumani hadi walipokimbia, alikuwa ng'ambo ya migomba yangu. Nilikijua kikohozi chake. Niliutambua mlio wa fimbo yake juu ya mawe kabla mbwa hawajautambua. Nisichokijua kilikuwa ni kile alichokijua yeye.

Wewe ulirudi nacho kila Jumamosi, umekikunjakunja.

"Leo baba ameniambia habari za babake," ulisema jioni moja ukimenya ndizi, ukizimenya vibaya hadi mama akakunyang'anya kisu. "Alibeba mizigo ya Wajerumani. Mbali sana."

"Kutoka wapi hadi wapi?" nikakuuliza.

"Sikumbuki. Walivuka mto."

"Mto gani, wifi?"

"Mto mkubwa." Ukaangua kicheko. "Kwenu mito ni mingi!"

"Na jumbe aliyewakusanya alikuwa nani?"

"Sikuuliza."

Ulionyeshwa kisima, wifi, ukanawa miguu. Nilikwenda nje kuokota kuni ambazo hazikuhitajika.

Jumamosi ya Masoko huenda umeisahau. Kwako ilikuwa mojawapo ya nyingi. Mzee alitaka ulione ziwa, na alitaka umsalimu dada yake anayekaa karibu na hapo. Mama alitayarisha kikapu cha kumpelekea, lakini goti lake lilikuwa limevimba.

"Nenda wewe," akaniambia. "Fuata nyuma yao."

"Mama, itakuwaje?"

"Itakuwa kama inavyokuwa siku zote. Njia ni pana. Mzee atajua upo."

Mzee aliketi mbele na dereva wa pikapu. Mimi na wewe tukaketi nyuma juu ya mikungu ya ndizi. Tuliposhuka mkatangulia, nami nikafuata kwa umbali unaostahili, uso nimeuelekeza kando. Uligeuka ukaja mbio kunishika mkono. "Njoo tutembee wote!" Nilipotikisa kichwa, ukaninong'oneza kwa huruma, "Lakini yeye ni mtu mzuri." Ulidhani tumegombana. Sikuwa na namna ya kukueleza, pale njiani, kwamba katika nyumba ile hapakuwa na watu wawili walioheshimiana kuliko mimi na yeye.

Ziwa lilikuwa kama ulivyoliacha: duara, kimya, miti imeliinamia kutoka pande zote. Mliketi kwenye jiwe karibu na maji. Mimi nilisimama juu yenu kidogo, njiani, nyuma ya mti, nimewapa mgongo, kikapu miguuni. Alianza kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini, kama kawaida yake: habari za samaki, habari za watoto wanaokatazwa kuogelea. Nilisikia neno moja moja.

Ghafla akainua sauti, na akahamia Kinyakyusa.

Kinyakyusa chako kilikuwa "ugonile" na "ndaga," salamu na asante. Mzee alilijua hilo. Ndiye aliyekufundisha maneno yenyewe. Lakini alisema kwa muda mrefu, polepole, akiyatenga maneno kama mtu anayesomea darasa imla. Nawe hukuelewa hata sentensi moja.

Ulipogeuka ukaniita, "Wifi, amesema nini?" nilikujibu, "Amesema kulikuwa na chuma."

"Chuma tu? Ameongea sana!"

"Chuma tu."

Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu chake ambacho wewe hukuwa nacho, na sikuona sababu ya kukigawa. Leo nakigawa, chote, ili nipate haki ya kudai changu.

Alisema hivi. Wajerumani walipokuwa wakikimbia vita, babake alikuwa miongoni mwa wapagazi walioleta masanduku kwenye ziwa hili. Akataja walikoyatoa. Akataja mto waliovuka: ni Mbaka. Akamtaja jumbe aliyewakusanya. Akawataja wapagazi aliowakumbuka, kila mmoja na mahali kwao. Akasema watu hudai yalikuwa na dhahabu, na wengine huja hadi leo na kamba na ndoo kuitafuta. Lakini kwenye mteremko sanduku moja lilipasuka, na babake akaona kwa macho yake chuma, vipande vya bunduki na misumari. Aliwaambia watu, wakamkasirikia, wakasema anataka kurudi peke yake kuizamia. "Watu hupenda dhahabu isiyokuwepo kuliko chuma kilichokuwepo," alisema mzee. Kisha akaongeza: "Anayenisikia aandike: chuma."

Kwa dada yake mlikula sebuleni. Mimi nilikula jikoni na shangazi, mwanamke asiyeuficha ulimi wake.

"Kaka amepiga kelele ziwani mpaka huku tumesikia," alisema. "Mzungu wake ni kiziwi?"

"Si kiziwi, shangazi. Hajui Kinyakyusa."

"Hee! Sasa alikuwa akimwambia nani?" Akanitazama, akatazama kanga yangu, akaendelea kula.

Swali hilo nimeishi nalo tangu ulipoondoka, na nimelipima kwa pande zote mbili kama nipimavyo ushahidi wowote. Upande wa kwanza: maswali aliyoyajibu yalikuwa yangu. Njia, mto, jumbe. Ndiyo niliyokuuliza jikoni, na ukuta wa jiko lile, unavyokumbuka, ni mabanzi yanayopitisha sauti. Tena mama hakunituma Masoko kwa ajili ya kikapu peke yake. Goti lile lilipona siku iliyofuata. Upande wa pili: huenda wewe mwenyewe ulimpelekea maswali yale, kwa wema wako, naye akakujibu wewe. Na wazee wetu wanapoingia ndani sana ya kumbukumbu huiacha lugha ya wageni bila kujua wameiacha. Sauti nayo huinuka yenyewe mbele ya maji mapana. Pande zote mbili zinasimama. Historia imenifunza kutochagua upande kwa sababu tu ndio unaonifariji.

Siku ya maziko, jeneza lilipofunguliwa ili watu watoe heshima za mwisho, nilibaki nyuma pamoja na wanawake. Mama mkwe akanifuata, akanishika mkono, akanipeleka mbele ya watu wote. "Sasa mtazame," akasema. "Hawezi tena kuona haya." Nikamtazama. Alikuwa na kovu dogo juu ya unyusi wa kushoto, hukuwahi kunitajia. Lakini uso ulikuwa umefumba macho, na uso uliofumba macho hauelekei popote.

Nimeandika: chuma. Baadhi ya watu wa Masoko hawakupenda, nami nimeshika neno langu. Usidhani kwamba wivu umekwisha. Kama alisema nawe, basi wivu bado uko pale pale nilipouweka mwanzoni, na fasili yake haina kasoro. Lakini kama alisema nami, akikutumia wewe kama alivyoutumia mwavuli ule wa siku ya mvua, basi tangu mwanzo sikuwa nimenyimwa, na nimekuonea wivu kwa zawadi iliyokuwa imebebwa mikononi mwako ikiletwa kwangu. Siwezi kujua ni lipi. Wakati ule nilikuwa nimewapa mgongo, kwa hiari na kwa heshima.

Kaa salama huko kwenye nchi yako tambarare. Mama anakusalimu na anasema mvua hukuichukua, uliiacha yote. Nami ninakuomba jambo moja tu, ambalo katika dunia nzima wewe peke yako unaweza kulijibu. Mzee alipoinua sauti na kuanza kusema Kinyakyusa, ulikuwa ubavuni pake, ukimtazama kwa macho yako yasiyofungwa na mwiko wowote. Uso wake ulikuwa umeelekea majini, umeelekea kwako, au ulikuwa umegeuka kidogo nyuma, kwenye njia, nilikosimama na kikapu?

Mkamwana wa mzee,
wifi yako wa Ibighi