Mlenda Nyuma ya Matofali

Manyoni, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, bado inavimba ukitoka shambani? Na mvua huko Kinampanda imeshika? Mimi mwili ni mzima. Kinachouma ni moyo, na tafadhali barua hii usimsomee mtu.

Kazi ya kusaidia fundi bado ninayo. Mchana wenzangu huchanga, wakala wali maharage kwa mama lishe, sinia moja. Mimi nabana ili nikununulie bati, kwa hiyo nabeba kiporo cha ugali wa uwele na ile mboga yako ya mlenda mkavu. Siku ya kwanza waliponiita niliona aibu kunyoosha mkono kwenye sinia nisilolichangia. Kuwaonyesha mlenda wangu nikaona aibu zaidi. Nikajibu, "Nimefunga." Tangu hapo nakula nyuma ya matofali kama mwizi, na wao wananiita mtu wa Mungu.

Wiki iliyopita Athumani, tunayebeba naye zege, alinifuata kulekule. Wewe ulitulea kwamba mtu akikukuta unakula unamkaribisha, na maji ya kunawa unamsogezea. Mimi nikafunika bakuli kwa mfuko wa saruji.

"Kaka, mwanangu Zuhura amelazwa," akasema. "Wewe unafunga kila siku, Mungu anakusikia. Niombee."

Nikaomba, mama, mlenda ukininata vidoleni.

Kumbe naye akaanza kufunga, ati tusaidiane kumwombea mtoto. Siku ya tatu njaa ilimzidi, akaanguka na ndoo ya zege. Nikamkokota hadi kivulini, nikaleta bakuli langu, nikamweleza yote. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alinawa, akamega, akala mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Ungenikaribisha tu." Akarudi kazini. Tangu siku hiyo tunabeba zege pamoja, na sijui nimwambie nini.

Nisalimie dada Neema na wanawe, na mjomba anayekusaidia kulima. Mchungaji mwambie sijambo, ila asinisifu mbele ya watu kanisani.

Zuhura bado yuko wodini. Ana miaka minne. Mwombee wewe, mama, maana mimi nikiinamisha kichwa naona aibu.

Ni mimi mwanao,
Elia